Kwa nini walikimbilia dirishani

Msomaji anauliza: "Nimekuwa nikitazama video za kile kimondo kilicholipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013. Kinachonishangaza si kimondo, ni watu. Wanaona moto angani, kisha badala ya kujificha wanasogea dirishani. Muda si mrefu huyu anasema ni silaha, yule ni ishara ya Mungu, na wengine wako kwenye theluji wanatafuta mawe ya kuuza. Ndivyo tulivyo binadamu, tukishtushwa akili zinaruka? Na kingeanguka karibu nami, nifanye nini? Nimekutumia pia picha ya jiwe jeusi aliloliokota mjomba wangu. Anaapa ni kimondo. Nalo nakuomba ulitazame."

Ndugu yangu, tuanzie hapo hapo dirishani, maana ndipo damu ilipomwagika.

Ilikuwa tarehe 15 Februari 2013, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Watu walikuwa njiani kwenda kazini, wengine wameshaketi madarasani na maofisini. Nje baridi ilikuwa ya nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Jiwe lenye upana wa karibu mita 20 likaingia angahewa kwa kasi ya kilomita 19 kwa sekunde, likapasuka likiwa bado kilomita 30 hivi juu ya ardhi. Mwanga wake ulilishinda jua. Kwenye zile video utaona vivuli vya nguzo na miti vikizunguka chini kama mishale ya saa iliyoharibika. Nguvu ya mlipuko ilikadiriwa kuwa sawa na tani 400,000 hadi 500,000 za baruti ya TNT. Halafu kukawa kimya.

Rudia kuzitazama video zako, na safari hii ukitazame kile kimya. Sauti huchukua kama sekunde tatu kuvuka kilomita moja, na mlipuko ulikuwa mbali, juu na pembeni ya mji. Kwa wakazi wengi wimbi la mshtuko lilifika baada ya zaidi ya dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi sana. Zinamtosha mtu kunyanyuka kitini, kuwaita wenzake, kuvuta pazia, kutoa simu mfukoni, kubandika paji la uso kwenye kioo na kusema, "Hebu oneni ule moshi." Mwenye macho haambiwi tazama. Wakiwa wamejipanga hivyo, nyuso zimeelekea nje, vioo vikawajia.

Watu karibu 1,500 walitafuta matibabu siku hiyo, na zaidi ya 100 wakalazwa. Wengi wao walikatwa na vioo. Majengo zaidi ya 7,000 yaliharibika, na sehemu ya paa la kiwanda cha zinki ikaporomoka. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyepigwa na jiwe lenyewe. Wapo waliounguzwa ngozi na ule mwanga: watafiti walipowahoji watu 1,113 waliokuwa nje wakati ule, 25 walisema ngozi iliwababuka kama ya mtu aliyeshinda juani. Lakini hesabu kubwa ya majeruhi ilitokana na vioo.

Sasa niambie, hapo akili imeruka wapi? Mimi naona akili iliyotulia kupita kiasi. Dereva mmoja, kwenye video ambayo bila shaka umeiona, anang'arishwa na ule moto hadi barabara yote inakuwa nyeupe. Anachofanya ni kushusha kile kibao cha kuzuia jua na kuendelea na safari yake. Hapigi kelele, hasimamishi gari. Tumezoea kudhani kwamba umati ukikutana na jambo la kutisha hukanyagana, lakini ukiacha simulizi za kubuni, watu wanaopatwa na ghafla kama hiyo kwanza huduwaa, kisha husogea wajue ni nini. Siku ile udadisi ulijeruhi wengi kuliko hofu.

Na udadisi huo una mantiki yake. Sote tumefunzwa na radi: umeme unamulika, ngurumo inafuata, mambo yamekwisha. Ila pengo la radi ni la sekunde chache, na mwili umelizoea. Pengo likifika dakika nzima, mtu anaona tukio limeshapita, na anatoka kwenda kuangalia lilichoacha. Hakuna kitu katika maisha ya kawaida kinachotufundisha kwamba mwanga unaweza kutangulia kishindo chake kwa dakika mbili.

Yupo mwalimu mmoja wa darasa la nne katika mji ule ambaye hakujua mwanga ule ni wa nini, wala hakungoja kujua. Aliwaamuru watoto 44 waingie chini ya madawati. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, na vioo vilipopasuka vikamkata mkono hadi mshipa wa msuli. Watoto wote walitoka bila mkwaruzo. Kila nikiulizwa swali kama lako humkumbuka huyu kwanza. Hakuwa na maarifa ya anga kuliko wenzake. Alichokuwa nacho ni zoezi la kujikinga ambalo lilimjia mwilini kabla ya maelezo kumjia kichwani.

Tuje kwenye sehemu ya pili ya swali lako, ile ya silaha na ishara za Mungu, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi.

Kimondo hakisemi kimetoka wapi. Kinakuja bila onyo, kinadumu sekunde chache, na kwa saa kadhaa hakuna mtu mwenye mamlaka anayeweza kukueleza kwa uhakika kilichotokea. Pengo hilo lazima lijazwe, na watu hulijaza kwa kilichokuwa tayari vichwani mwao. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo ukitaka kujua jamii fulani ilikuwa ikiogopa nini katika mwaka fulani, sikiliza maelezo ya saa za kwanza baada ya kimondo.

Urusi ya 2013, mwanasiasa Vladimir Zhirinovsky alitangaza kwamba hakikuwa kimondo, bali Wamarekani walikuwa wakijaribu silaha mpya. Rudi nyuma hadi Novemba 1954, mji mdogo wa Sylacauga, Alabama, enzi ambapo Marekani nzima iliishi ikisubiri bomu la Wasovieti. Jiwe la karibu kilo nne lilitoboa paa, likadunda kwenye redio na kumpiga kiunoni Ann Hodges aliyekuwa amelala kwenye kochi. Waliouona moto angani wengi walidhani ni ndege imeanguka, na jiwe lenyewe likachukuliwa na jeshi la anga likachunguzwe. Ndivyo ilivyo: Urusi inamtazama Mmarekani, Marekani inamtazama Mrusi, na mawe yenyewe ni mabaki ya mfumo wa jua yenye umri wa miaka bilioni nne na nusu, yasiyojua mpaka wa nchi yoyote.

Sogea nyuma zaidi. Mwaka 1492, jiwe la kilo 127 lilianguka shambani nje ya mji wa Ensisheim, ambao leo uko Ufaransa. Wenyeji walianza kulibandua vipande vya bahati hadi hakimu akawazuia. Baada ya wiki chache akapita Maximilian, mfalme aliyekuwa na ugomvi na Wafaransa. Washauri wake wakamwambia jiwe ni dalili kwamba Mungu yuko upande wake. Naye, kama ungetarajia, hakubisha. Jiwe likawekwa kanisani. Leo limebaki chini ya nusu yake, maana kila mkubwa aliyepita alipewa au alijipa kipande. Waevenki wa Siberia nao, baada ya mlipuko wa kimondo huko Tunguska wa tarehe 30 Juni 1908 uliolaza misitu ya zaidi ya kilomita za mraba 2,000, walisema ni Ogdy, mungu wa ngurumo, ameipiga nchi. Mtafiti Leonid Kulik alipofika mwaka 1927, miaka 19 baadaye, bado wapo waliosita kumwongoza hadi pale.

Halafu Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992. Mvua ya mawe ya kimondo ilinyesha juu ya mji na viunga vyake mchana kweupe. Kipande kidogo cha gramu 3.6 kilipenya kwenye majani ya mgomba, kikampiga mvulana kichwani, na kwa kuwa majani yalikipunguza kasi, hakikumdhuru. Ninachotaka ukione hapo ni waliyofanya baadhi ya watu na mawe waliyookota: waliyasaga, wakayapaka na hata kuyanywa, kwa imani kwamba Mungu ameyaleta kutibu Ukimwi. Mtu anaweza kucheka. Lakini kumbuka mwaka ule. Dawa za kufubaza virusi tunazozijua leo hazikuwapo, na watu walikuwa wakizika kila wiki. Jiwe linaposhuka kutoka juu katika hali kama ile, utashangaa kama hakuna atakayeuliza iwapo ni jibu la dua. Mimi ningewashauri wasilinywe, ila siwezi kusema hawakuwa na sababu.

Wakati mwingine pengo hujazwa na jambo la kawaida kabisa, na hili husahaulika kwa sababu halichekeshi. Oktoba 2021, mjini Golden nchini Kanada, mwanamke mmoja aliamshwa usiku na mbwa wake akibweka, kisha kishindo. Alipowasha taa aliona tundu kwenye dari na jiwe la zaidi ya kilo moja juu ya mto, kando ya pale kichwa chake kilipokuwa. Alipiga simu ya dharura. Polisi aliyefika alifikiria jambo la karibu zaidi: kulikuwa na ujenzi wa barabara jirani, pengine wamelipua mwamba. Wakawapigia wajenzi. Wajenzi wakajibu kwamba hawakulipua kitu, ila wameona mwanga mkubwa ukipasuka angani. Tazama jinsi hatua zilivyofuatana: dhana ya karibu, swali kwa mwenye kujua, jibu, dhana mpya. Hakuna profesa pale, na ukweli ulipatikana kabla hakujapambazuka.

Uvumi nao una namna mbili, na si haki kuzichanganya. Upo unaotokana na kuunganisha mambo mawili ya kweli. Siku ile ile ya Chelyabinsk, asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka jua) iliyoitwa 2012 DA14 ilikuwa ikitarajiwa kupita karibu na Dunia, umbali wa kilomita 27,700 hivi, na magazeti yalikuwa yameandika habari zake kwa siku kadhaa. Ukisikia asubuhi kimondo kimelipuka na jioni asteroidi inapita, nani asingeunganisha? Wanaastronomia wenyewe ilibidi wapige hesabu ya njia za mawe hayo mawili ndipo waseme hayana undugu: yalitoka pande tofauti kabisa. Lile la Chelyabinsk lilikuja kutoka upande wa jua, na ndiyo sababu hakuna darubini iliyoliona. Huyo aliyeunganisha alikosea, lakini alifikiri.

Namna ya pili ni ya mtu anayejua anadanganya. Siku hiyo ilisambazwa video ya shimo kubwa linalowaka moto, ikidaiwa ni mahali kimondo kilipotua. Lile ni shimo la gesi la Darvaza, Turkmenistan, ambalo limekuwa likiwaka kwa miongo. Shimo halisi la Chelyabinsk lilikuwa tundu la mita chache kwenye barafu ya Ziwa Chebarkul. Oktoba mwaka ule kikaopolewa humo kipande cha zaidi ya kilo 500. Tundu kwenye barafu halivutii macho kama jehanamu inayowaka, basi aliyeisambaza akachagua jehanamu. Na hapa kuna jambo la kufaa kulijua: kimondo kidogo hakiwashi moto. Kinang'aa kikiwa juu sana, halafu hewa inakipunguza mwendo, na kilomita za mwisho kinaanguka gizani kama jiwe lolote lililotupwa kutoka juu. Ngozi yake ya nje imeyeyuka na kupoa, ndani bado kina ubaridi wa anga. Wengi waliokishika mara tu baada ya kuanguka walikikuta baridi au vuguvugu. Ukiona picha ya jiwe jekundu linalofuka moshi, anza kumtilia shaka mpigapicha.

Kuna kisa kimoja ambacho bado kinanisumbua, nami nakupa jinsi kilivyo. Tarehe 15 Septemba 2007 kimondo kilitua kijijini Carancas, Peru, karibu na Ziwa Titicaca, kikachimba shimo la mita 13 hivi kwa upana. Maji ya ardhini yakalijaza, yakitoa mapovu na harufu mbaya. Wanakijiji wakaenda kutazama, na baadaye watu wengi wakalalamika maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kutapika. Habari zikaenea duniani: kimondo chenye sumu. Kilipochunguzwa kilikuwa jiwe la aina ya kawaida kabisa, lisilo na sumu yoyote. Maelezo yaliyobaki ni mawili. Maji ya ardhini ya eneo lile yana aseniki, ambayo ni sumu, na joto la mgongano huenda lilitoa mvuke wake, watu wakauvuta. Au hofu ndiyo iliyowaumiza, maana mwili wa mtu aliyeogopa sana hutapika kweli, na akimwona jirani anatapika naye hufuata. Sioni kwa nini yasiwe yote mawili kwa pamoja. Nisichokubali ni wale waliosema wanakijiji "walijidai". Anayetapika anatapika.

Ninakuwa mwepesi wa kuwatetea watu wa kawaida katika jambo hili kwa sababu ya historia yenyewe ya taaluma yangu ya kuchunguza vimondo, na haituletei sifa. Kwa karne nyingi wakulima walisema mawe yanaanguka kutoka mbinguni. Wasomi wa Ulaya walisema ni ushirikina. Mwaka 1768 jiwe lilianguka Lucé, Ufaransa, mbele ya watu waliokuwa shambani. Kamati ya wanasayansi, mwanakemia mkubwa Lavoisier akiwa mmoja wao, ikalichunguza na kutoa hukumu: ni jiwe la hapa hapa duniani lililopigwa na radi. Mwaka 1790 mawe yakanyesha karibu na Barbotan, kusini magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Safari hii meya akaandika hati rasmi, ikawekwa sahihi za mashahidi wapatao 300. Mhariri mmoja msomi akaichapisha kwa masikitiko, akihuzunika kwamba manispaa nzima inathibitisha kwa maandishi hadithi za vijijini.

Fikiria mashahidi 300. Kwa kesi ya wizi wa mbuzi wangetosha na kubaki.

Kilichogeuza mambo ni mvua ya mawe karibu 3,000 mjini L'Aigle, tarehe 26 Aprili 1803. Miaka tisa kabla, Mjerumani Ernst Chladni alikuwa ameshaandika kwamba mawe haya yanatoka angani, wengi wakamcheka. Serikali ya Ufaransa ikamtuma kijana Jean-Baptiste Biot akachunguze. Huyu akafanya kitu ambacho wakubwa wake hawakukifanya: alikwenda kuuliza. Akahoji watu wa kazi mbalimbali katika vijiji mbalimbali, watu wasiofahamiana wala kuwa na sababu ya kupatana uongo. Akaweka alama kila mahali jiwe lilipookotwa, akaona zinafanya umbo refu la yai, mawe makubwa yakiwa upande mmoja. Akathibitisha kwamba hakuna mwamba wala tanuru la eneo lile linaloweza kutoa mawe ya namna ile. Ripoti yake ikafunga mjadala. Taaluma yetu basi imejengwa juu ya ushahidi wa watu walioitwa wajinga kwa miaka mia.

Ndiyo maana nikipigiwa simu na mtu anayesema ameona moto angani, simwulizi anadhani ni nini. Namwuliza alikuwa amesimama wapi, ulitoka upande gani ukaishia wapi, na alihesabu muda gani kabla ya kishindo. Kwa macho yake mtu hukosea mara chache kuliko kwa tafsiri yake.

Upande wa pesa nitaupita haraka, kwa sababu hauna siri. Ndiyo, watu wa Chelyabinsk waliingia kwenye theluji kutafuta mawe, na walifanya vizuri: kila kijiwe kiliacha kitundu kidogo kwenye theluji, rahisi kukifuata, na sayansi ilipata sampuli nyingi kuliko ambavyo wanasayansi peke yao wangeokota. Tatizo ni bei za hadithini. Mwaka 2020 fundi wa majeneza huko Sumatra, Indonesia, alipoteza paa akapata jiwe la kilo mbili hivi. Magazeti ya dunia yakaandika amekuwa milionea wa dola. Alikuwa ameliuza kwa rupia milioni 200, kama dola 14,000 za wakati ule. Fedha nzuri, ila si ile iliyoandikwa. Na yule Ann Hodges? Mwenye nyumba aliyompangisha alidai jiwe ni lake kwa sababu limetoboa paa lake. Wakapelekana kwa mawakili, mwisho Hodges na mumewe wakamlipa dola 500 wakabaki nalo. Kufikia hapo wanunuzi walikuwa wamepoa. Inasemekana lilitumika kwa muda kuzuia mlango, na mwaka 1956 likapelekwa makumbusho ya Alabama. Wakati huo huo mkulima jirani aliyeokota kipande kingine aliuza mapema bila ugomvi, akanunua nyumba na gari.

Sheria nazo hutofautiana. Marekani, kilichoangukia ardhi ya mtu binafsi ni cha mwenye ardhi. Denmark, anayekiokota anatakiwa akikabidhi kwa taifa na hulipwa. Uliza ya kwenu kabla ya kuanza kupiga hesabu.

Umeuliza ufanye nini. Usitegemee kuonywa. Jiwe la kwanza kabisa kugunduliwa kabla ya kuanguka ni 2008 TC3, Oktoba 2008, lenye upana wa mita nne hivi. Lilionekana saa 19 hivi kabla ya kuingia angani juu ya Sudani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum wakaenda jangwani kwa miguu, wamejipanga mstari, wakaokota vipande karibu na stesheni ya reli iitwayo Almahata Sitta, yaani stesheni ya sita. Tangu hapo yamegunduliwa mengine machache, mara nyingi saa chache tu kabla. Makubwa ndiyo yanayoonekana mapema, na hayo huleta fadhaa ya aina yake. Pengine unaikumbuka asteroidi 2024 YR4, ambayo Februari 2025 ilisemwa ina uwezekano wa asilimia 3.1 kuigonga Dunia mwaka 2032, kisha siku chache baadaye ikawa karibu sifuri. Wengi walidhani wanafichwa jambo. Ni hesabu tu: mwanzoni jiwe linaweza kuwa popote katika eneo pana, na Dunia ni nukta ndani yake. Vipimo vikiongezeka eneo linasinyaa, nukta ile inachukua sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki, asilimia inapanda. Kisha eneo linasinyaa tena, nukta inabaki nje, asilimia inaanguka ghafla. Ukiona inapanda, usianze kuaga watu.

Kwa lile linalokuja bila kuonywa, kanuni ni moja: mwanga mkali usioujua ukimulika, lipe dirisha mgongo na uende mbali nalo. Ingia chini ya meza, au kaa kwenye ukuta wa ndani, ukae hapo dakika tano hata kama kila kitu kimetulia, hasa kama kila kitu kimetulia. Kama uko nje, ondoka chini ya vioo na paa za kuning'inia. Usiukodolee macho, kwa sababu Chelyabinsk wapo waliopofuka kwa muda. Baada ya hapo toka utazame kadiri utakavyo. Ukiokota jiwe, lipige picha kabla ya kuligusa, liokote kwa mfuko safi wa plastiki, usilioshe, usilijaribu kwa sumaku (sumaku hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale tunayoitafuta), na uandike saa na mahali. Familia moja ya Winchcombe, Uingereza, ilifanya karibu hivyo Februari 2021 kimondo kilipopasukia kwenye njia ya gari lao. Vipande viliokotwa ndani ya saa 12 kabla mvua haijavigusa, na ni miongoni mwa sampuli safi kabisa tulizonazo.

Sasa jiwe la mjomba. Nimeikuza picha mara kadhaa. Naona vitundu vingi, kama vya mkate, na sehemu moja inang'aa kama kioo. Kimondo cha mawe kwa kawaida hakina mapovu. Ganda lake ni jembamba, jeusi, limelala kama ukoko kwenye sufuria, na mara nyingine lina mabonyeo kama mtu aliyekandamiza udongo kwa kidole gumba. Hili la kwenye picha, kwa macho yangu, ni mavi ya chuma, yale mabaki yanayotupwa chuma kikishayeyushwa. Yamenifikia mengi, na kila mleta huapa. Usimwambie mjomba kwamba mtaalamu amekataa. Chukueni tupa, mlikwangue pembe moja, mlitazame juani wote wawili. Mkikuta kijivu chenye chembe za chuma zinazometameta, niandikie siku hiyo hiyo. Mkikuta vitundu hadi ndani, nalo bado lina uzito wa kutosha kuzuia mlango.